Kodi Ikimshika Winga

 Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye kila mkazi wa Sanya Juu amewahi kununua kitu kupitia kwake, lakini hotuba ya bajeti ikisomwa Dodoma jina lake halitajwi. Mtu huyo ni winga.

Aliyefika Kariakoo anamjua. Winga hana fremu, hana stoo, hana hata meza ya kupanga viatu. Anakudaka barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakuongoza mpaka kwenye duka ambalo peke yako usingelipata. Ukishalipa, mwenye duka anamtoa kidogo, au yeye mwenyewe alishapiga cha juu kabla hujafungua pochi. Ndiyo riziki yake.

Huku kwetu Siha winga amehamia kwenye simu. Yupo dada anayepiga picha magauni ya duka la Moshi mjini, anayatupia kwenye status usiku, asubuhi ana oda. Gauni halijawahi kulala kwake hata siku moja. Linapanda Hiace kutoka Moshi, linapita Bomang'ombe, linashukia mikononi mwa mteja stendi. Yupo kijana wa Ngarenairobi anayemuunganisha mwenye shamba la viazi na mnunuzi aliye Dar es Salaam, kwa picha na ujumbe wa sauti. Na yupo aliyekuwa mgumu, amebeba mizigo ya wageni wa mlimani miaka kadhaa kupitia geti la Londorosi, ambaye sasa anarusha video fupi za uwanda wa Shira. Mgeni aliyeko Ulaya akiipenda video, anaelekezwa kwenye kampuni yenye leseni, na safari ikilipiwa kijana anapata kamisheni yake.

Nchi za nje wanaye mtu huyohuyo. Yeye anaweka linki ya bidhaa kwenye ukurasa wake. Ukiibonyeza ukanunua, kampuni inamlipa asilimia kadhaa. Ukimweka pembeni ya winga wa Kariakoo, utaona tofauti yao ni miguu tu: mmoja anatembea, mwingine anabonyeza.

Sasa, serikali inataka kodi kwenye biashara ya mtandaoni. Mimi sina ugomvi na hilo. Mwenye duka la Sanya Juu analipa kodi, leseni ya biashara na ushuru wa halmashauri. Si haki anayeuza bidhaa ileile kwa simu apite bila kuguswa. Ninachotaka tukijadili ni mahali pa kuishikia kodi hiyo. Biashara ya mtandaoni ina mikono mingi: mwenye mali, mwenye jukwaa, kampuni ya simu inayopitisha fedha, mteja, na winga katikati yao. Ukikosea mkono wa kushika, kodi haiingii na mtu mdogo anaumia. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na katika mlolongo huu pembamba ni kwa winga.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Marekani, nao ulichukua miaka mingi kuisha.

Kule kodi ya mauzo hukusanywa na majimbo. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Quill, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye kodi yake kama muuzaji huyo hana ofisi, ghala wala mtu ndani ya jimbo. Wakati huo biashara ya mbali ilikuwa ya katalogi na posta. Intaneti ilipokuja, kampuni kama Amazon ikawa inauza katika majimbo mengi bila kukusanya kodi hiyo, huku duka la mtaani likiikusanya kila siku.

Mwaka 2008 jimbo la New York likatafuta mlango. Likasema hivi: kama kampuni ina watu wanaoishi New York ambao kwa kamisheni wanaielekezea wateja kwa linki, na mauzo ya njia hiyo yanazidi dola 10,000 kwa mwaka, basi kampuni hiyo tutaihesabu kuwa ipo hapa, ikusanye kodi. Umeona kilichotokea? Winga amegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya tajiri wake.

Na tajiri akiona ushahidi unamtia hasara, anafanya nini? Anauondoa. Kampuni ya Overstock iliwaacha mawinga wake wa New York mwaka huohuo. Amazon ilibaki nao pale na kwenda mahakamani, lakini majimbo mengine yalipoiga sheria ile, nayo ikaanza kukata: North Carolina na Rhode Island mwaka 2009, Illinois na California mwaka 2011. California gavana Jerry Brown alitia saini mwezi Juni, na mawinga wakapata ujumbe kwamba mkataba umekwisha. Hawakuwa wamekwepa kodi yoyote; kipato chao walikuwa wanakitolea kodi kama kawaida. Kosa lao lilikuwa kuishi katika jimbo fulani. Septemba mwaka huo Amazon na California zikapatana, wakarudishwa, lakini winga mwenye blogu ya vitabu alikuwa ameshakaa karibu miezi mitatu bila mapato yale.

Mwisho wa mambo ukaja tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Mahakama ilisema suala la kuwa na mtu au jengo ndani ya jimbo si kigezo tena. Sheria ya South Dakota iliangalia mauzo yenyewe: ukiuza zaidi ya dola 100,000 kwa wakazi wa jimbo, au ukifikisha miamala 200, unakusanya kodi. Basi. Kigezo kikawa mteja yuko wapi na mauzo ni kiasi gani. Tangu hapo kampuni haikuwa na sababu ya kumkimbia winga kwa ajili ya kodi hiyo, maana kuwepo kwake hakubadilishi chochote.

Utaniambia, Marekani ni mbali. Haya, turudi nyumbani, Julai 15 mwaka 2021. Siku hiyo tozo ya miamala ya simu ilianza, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Lengo lilielezwa vizuri: barabara za vijijini, madarasa, vituo vya afya. Lakini fedha ilishikwa njiani, wakati inapita. Watu wakafanya walichokiweza. Waliokuwa wanatuma kidogokidogo wakaanza kuzikusanya na kutuma mara moja, wengine wakarudi kubeba noti mkononi. Kampuni za simu zenyewe ziliripoti miamala kushuka. Na wakala, mama aliyekaa kwenye kibanda chenye mwamvuli, anayeishi kwa kamisheni ya kuweka na kutoa, akawa anahesabu magari.

Serikali ilisikia, tuseme ukweli. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa 30%. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Julai 2023 tozo ya kutuma fedha ikafutwa. Miaka miwili ya kujifunza kwamba fedha ikishikwa njiani, watu hubadili njia. Waganda nao walijifunza jambo hilo: Julai 2018 waliwekewa shilingi 200 za Uganda kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, watu wakahamia VPN, na mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikawekwa 12% kwenye bando lenyewe.

Sasa tuje kwenye sheria za leo, na hapa naomba uchukue kalamu.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya 2% kwenye mapato ya kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kidijitali. Hiyo imeshika mkono mkubwa, nami naiunga mkono. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, ikaweka kodi ya zuio ya 5% kwenye malipo kwa watengeneza maudhui wa mtandaoni wa hapa nchini. Anayekulipa anakata, anapeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, wewe unapokea kinachobaki. Mwaka 2025 TRA ikatoa tangazo kuwataka wanaofanya biashara mtandaoni wajisajili, mwisho tarehe 31 Agosti. Kwa hiyo winga wa simu ameshaonekana. Kilichobaki ni kujua anahesabiwaje.

Tumchukue yule dada wa magauni. Tuseme kwa wiki anauza magauni 10. Duka linamwachia gauni kwa shilingi 30,000, yeye analiuza 35,000. Cha juu chake ni 5,000. Kwa wiki anapata 50,000, na kwa mwaka wa wiki 52 anapata shilingi 2,600,000. Hapo hajatoa bando wala nauli ya mzigo.

Njia ya kwanza ya kumhesabu: wateja wote wanatuma 35,000 kwenye simu yake. Taarifa ya simu yake ya mwaka mzima inaonyesha zimeingia shilingi 18,200,000. Afisa akiitazama karatasi ile anaona mfanyabiashara mwenye mauzo ya milioni 18 na ushee. Kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2022, mauzo ya kati ya milioni 11 na milioni 100 yanatozwa 3.5% ya mauzo yenyewe. Hiyo ni shilingi 637,000. Karibu robo ya kila alichokipata mwaka mzima.

Njia ya pili: anahesabiwa kama mtengeneza maudhui. Duka linamlipa kamisheni na kukata 5%. Kwenye 2,600,000 atakatwa 130,000.

Njia ya tatu: anahesabiwa kama mfanyabiashara mdogo ambaye mapato yake ni kamisheni, yaani milioni 2 na laki 6. Sheria yetu inasema mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Anadaiwa sifuri.

Dada ni yuleyule, magauni yaleyale, jasho lilelile. Anaweza kudaiwa 637,000, au 130,000, au asidaiwe kitu. Kinachoamua ni fedha ilipita kwenye mkono wa nani na imeandikwaje. Mimi nasema sheria inayompa mtu mmoja majibu matatu inamwacha mikononi mwa bahati na hisani ya atakayemkagua, na hapo ndipo mlango wa rushwa unapofunguliwa.

Msomaji wa sheria atanijibu kwamba zuio ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka linahesabiwa kwenye kodi yako, na kama umekatwa zaidi unadai. Ni kweli kwa kanuni. Lakini ili lihesabiwe unahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, unahitaji hati ya zuio kutoka kwa kila aliyekukata, na unahitaji kuwasilisha ritani. Niambie ni winga yupi wa Sanya Juu mwenye hati hizo kwenye faili. Mwenye duka akikata 5% bila kukupa hati, kwako imepotea, na kama hakuipeleka TRA, serikali nayo imeikosa.

Majirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi katika kuandika. Muswada wao wa fedha wa mwaka 2023 ulipendekeza zuio la 15% kwa wanaopata kipato cha maudhui ya kidijitali. Kelele zikapigwa, bunge likapitisha 5%. Lakini angalau sheria yao ilimtaja winga waziwazi: anayepata kamisheni kila hadhira yake inapobonyeza bidhaa aliyoionyesha yumo kwenye orodha. Unaweza kuipenda au kuichukia, ila unajua umo. Udhaifu wake kwa mtu mdogo ni kama wa kwetu: zuio halijui kama wewe unapata milioni 2 au milioni 200 kwa mwaka. Linakata asilimia ileile kuanzia shilingi ya kwanza.

Na yule kijana wa video za mlimani? Kwake kuna hatari nyingine, ile ya California. Kampuni inayopandisha wageni inahitaji leseni ya biashara ya utalii, ile iliyozoeleka kwa jina la TALA, inalipa ada za hifadhi, ina wahasibu. Kumlipa winga wa video bila karatasi ni usumbufu kwake ukaguzi ukija, kwa sababu matumizi yasiyo na risiti wala TIN ya mpokeaji hayakubaliki kirahisi kwenye hesabu. Kampuni ina njia rahisi: imwache kijana, ilipie tangazo moja kwa moja kwenye jukwaa la nje, ambalo ankara yake inakuja kamili. Hapo kamisheni iliyokuwa inalala Siha, inayonunua mabati Karansi na kulipa ada ya shule Lawate, imeondoka nchini. Hakuna aliyemfukuza kijana. Amekuwa mzigo wa makaratasi tu, akaachwa.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu watatu.

Wa kwanza ni winga mwenyewe. Ndugu yangu, kujificha hakukusaidii. Taarifa ya simu yako inakusema hata ukinyamaza, tena inakusema vibaya, kwa sababu inaonyesha fedha ya gauni zima na kukaa kimya kuhusu cha juu. Chukua TIN, kujisajili ni bure. Mteja alipe kwenye lipa namba ya duka, kisha duka likulipe kamisheni yako, hata kama ni jioni ileile. Ikishindikana, nunua daftari, andika kila muamala kwa mistari miwili: kilichoingia na kilichokwenda kwa mwenye mali. Afisa akija, unazungumza naye kwa daftari. Najua utasema, duka likipokea lenyewe litajua bei ninayouza na litaniruka. Inawezekana. Ndiyo maana makubaliano yaandikwe, hata kwa nusu ukurasa wenye saini mbili.

Wa pili ni mwenye duka na mwenye kampuni. Unapenda sana winga anapokuletea wateja ambao mabango yako hayakuwafikia. Basi mpe hadhi ya karatasi. Ukikata zuio, mpe hati yake. Kampuni yenye mhasibu inaweza kumsaidia kijana mmoja kupata TIN kwa saa moja. Ni rahisi kuliko kutafuta mwingine mwenye wafuasi kama wake.

Wa tatu ni serikali. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, sheria iseme kwa sentensi moja iliyonyooka kwamba mapato ya anayeuza mali ya mwingine kwa kamisheni ni kamisheni yake, na thamani ya mali ibaki kwenye vitabu vya mwenye mali. Serikali haipotezi kitu hapo: gauni la 35,000 bado liko kwenye mauzo ya duka, na duka litalitolea kodi. La pili, zuio liwe na kiwango cha kuanzia. Kama mwenye genge mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 ameachwa apumue, winga wa kipato hichohicho asikatwe kuanzia shilingi ya kwanza kwa sababu tu kazi yake inapita kwenye kioo cha simu.

Tena serikali yetu inajua kuvuta kwa kamba laini inapotaka. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilishusha VAT kutoka 18% hadi 16% kwa mlaji wa kawaida anayelipa kupitia benki au njia ya kielektroniki iliyoidhinishwa. Maana yake ni hii: ukilipa mahali panapoonekana, tunakupunguzia. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka kwa winga. Mwambie ukijitokeza utahesabiwa kwa unachokipata, uone kama hatajitokeza. Ukimwambia ukijitokeza nitakuhesabia gauni zima, atarudi kwenye noti za mkononi, na hilo tumeshaliona mwaka 2021.

Msikilizaji, kila mwaka kabla muswada wa fedha haujapitishwa, Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wadau. Wanaokwenda Dodoma ni wenye viwanda, mabenki na kampuni za simu, kwa sababu wana vyama na wana wanasheria. Mawinga hawana chama. Sasa, vijana wa Sanya Juu mna magrupu ya WhatsApp ya watu mia mbili mia mbili, mnayoyatumia kutangaza viatu. Grupu moja linatosha kuandika ukurasa mmoja wenye hesabu ile ya 637,000, 130,000 na sifuri, likampelekea mbunge na diwani kabla ya Juni. Hawahitaji hotuba, hesabu inajieleza. Na mbunge akiuliza mnataka nini, mjibuni: tunataka kulipa kwa kilicho chetu.